Spika zile zile, vyumba viwili: kuchagua spika za taarab, dansi na singeli

Mwaka juzi nilibeba spika zangu mbili ndogo kwenye boti nikampelekea mjomba Unguja, akae nazo wakati nimesafiri. Nyumbani Dar nilikuwa nimeshazichoka. Sebule yangu ni mita 3 kwa 4, chini marumaru, juu jipsam, dirisha kubwa la kioo, na humo ndani zilikuwa na besi iliyovimba na trebo ya kuchoma sikio. Kule Mji Mkongwe tukaziweka kwenye chumba chake cha mbele, chembamba na kirefu, kuta za mawe, juu boriti. Akaweka taarab ya zamani. Ganuni ilipoanza nikasikia kitu ambacho sikuwahi kukisikia kwangu: kila noti ya ganuni ni nyuzi tatu zilizowekwa pamoja, na kati yake kuna tofauti ndogo mno ya sauti inayoifanya noti imeremete. Spika zile zile, waya ule ule, amplifaya ile ile.

Mjomba akanigeukia. "Sasa mjomba, ulikuwa huridhiki na nini?"

Tangu siku hiyo, mtu akiniuliza spika gani nzuri, namuuliza kwanza chumba chake kikoje, kisha anasikiliza muziki gani. Jina la kampuni tunalifikia baadaye sana. Ninachoandika hapa ni ulinganisho kwa mpangilio huo huo.

Chumba kina noti zake

Katika joto letu la nyuzi 30, sauti husafiri takriban mita 349 kwa sekunde. Chukua 349, gawanya kwa urefu wa chumba uliozidishwa mara mbili, utapata noti ya kwanza ambayo chumba hicho kitaing'ang'ania. Kwa mita 4 ni hezi 43 na ushei, yaani mitetemo 43 kwa sekunde. Kwa mita 3 ni hezi 58.

Namba hizo mpiga gitaa la besi anazijua kwa vidole. Uzi mnene kabisa ukiwa wazi hutoa hezi 41. Ukiubonyeza hatua moja tu unapata 43.7, ambayo ndiyo noti ya mita zangu 4. Uzi unaofuata ukiwa wazi ni hezi 55. Hatua moja juu yake ni 58, noti ya mita zangu 3. Mpiga besi studioni alizipiga noti zote kwa nguvu moja. Sebuleni kwangu, ukikaa kwenye kochi lililoegemea ukuta, hizo mbili zinakuja kama mtu anapiga mlango kwa bega. Ukisogea katikati ya chumba, hizo hizo zinapungua hadi unadhani besi imezimwa. Hakuna spika duniani itakayoondoa jambo hilo yenyewe, na ukinunua yenye besi kubwa zaidi unaongeza tatizo.

Kibaya kuliko vyote ni chumba cha mraba, mita 3 kwa 3, chenye dari la mita 3. Pande zote zinang'ang'ania noti moja. Kama unaishi kwenye chumba kama hicho, na wengi wetu tumeishi, weka akilini neno "besi kidogo" kabla hujatoka kwenda dukani.

Chumba cha mjomba kina bahati ya aina yake. Nyumba za mawe za pwani, Unguja, Mombasa na Lamu, zina vyumba vyembamba kwa sababu upana ulifuata urefu wa boriti za mikoko, chini kidogo ya mita 3. Urefu ndio ulioachwa huru. Chumba cha mita 7 noti yake ya kwanza ni hezi 25, chini kabisa ya uwezo wa spika ndogo, kwa hiyo haiamshwi. Na lile dari la boriti, mviringo baada ya mviringo, linaivunja sauti na kuitawanya. Marumaru yangu na jipsam yangu ni vibao viwili bapa vinavyotazamana. Sauti inakwenda na kurudi kama mpira. Jaribu mwenyewe: simama katikati ya sebule upige kofi moja kavu. Ukisikia mlio mwembamba unaotetemeka baada ya kofi, hivyo ndivyo chumba kitakavyofanya kwa kila upatu na kila herufi "s" ya mwimbaji.

Nyumba ya bati isiyo na dari ni kinyume. Besi inavuja nje kupitia juu na kwenye nafasi za kenchi, hivyo inaweza kubeba spika nzito ambayo chumba cha zege kingeikataa.

Kuhusu vitambaa, watu hupoteza nguvu mahali pasipostahili. Kanga iliyotundikwa ukutani hufyonza ncha ya trebo tu, na mkeka wa ukindu haufyonzi hata hiyo vizuri. Kinachosaidia ni unene: zulia zito, kochi la kitambaa badala ya la ngozi, pazia lenye mikunjo mingi, rafu ya vitabu. Besi yenyewe inataka unene wa godoro. Ndiyo maana nasema ni rahisi zaidi kuchagua spika inayokubaliana na chumba kuliko kukitibu chumba.

Kasha lililozibwa na kasha lenye tundu

Ukitaka kulinganisha jambo moja tu kati ya spika mbili, linganisha hili.

Kasha lililozibwa kila upande hutumia hewa ya ndani kama springi inayorudisha wufa, ile koni kubwa ya besi, mahali pake. Mwaka 1954, Edgar Villchur wa Acoustic Research, Marekani, alitoa AR-1 na kuonyesha kwamba kasha la kiasi likizibwa vizuri linaweza kushuka chini kuliko makabati makubwa ya wakati ule. Sifa yake ni kwamba besi hupungua polepole unapokwenda chini, takriban desibeli 12 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) kila noti inaposhuka oktava moja, yaani hezi zake zikiwa nusu. Na wufa ikiambiwa simama, inasimama.

Kasha lenye tundu hutumia hewa inayoingia na kutoka kwenye tundu hilo kuongeza nguvu karibu na noti iliyopangwa na mtengenezaji. Unapata besi zaidi kwa kasha dogo, na kwa wati zile zile inatoa sauti zaidi. Lakini chini ya noti ile besi huanguka ghafla, desibeli 24 kwa oktava, na tundu huendelea kuvuma kidogo baada ya ngoma kunyamaza.

Sasa ongeza ukuta. Spika ikikaribia ukuta, besi hupanda. Ikiingia kwenye kona, hupanda zaidi. Kasha lililozibwa linaloshuka polepole, likisogezwa ukutani, hujazwa na ukuta pale pale lilipopungukiwa. Kasha lenye tundu tayari limejaa, ukuta unalimwagikia. Kosa langu mwenyewe lilikuwa hilo: spika zenye tundu, moja kwenye kona ya rafu. Kwa mjomba zilikaa karibu mita moja kutoka ukutani.

Wauzaji wengi hukwambia tundu likiwa mbele, unaweza kuibana spika ukutani bila shida. Ni nusu ya ukweli. Tundu la mbele halizibwi na ukuta, hilo kweli, lakini ukuta utaongeza besi vile vile, kwa sababu besi haina mbele wala nyuma, inazunguka kasha lote. Kama tayari unazo zenye tundu na besi imezidi, chukua soksi mbili nzito, zikunje, zitie kwenye matundu. Inasikika kama mzaha ila ni dawa halisi: unaligeuza kasha kuwa karibu na lililozibwa. Sikiliza wiki moja kabla ya kutumia hela.

Taarab

Taarab asilia inaishi katikati. Sauti ya mwimbaji, fidla, udi, ganuni, nai, kodiani, karibu vyote viko juu ya hezi 80 au 100, na ladha yake yote iko kati ya hapo na elfu kadhaa. Spika inayofaa ni ile yenye katikati ya kweli, hata kama chini yake haina kitu.

Mfano safi wa aina hiyo ni LS3/5A, iliyobuniwa na wahandisi wa BBC miaka ya 1970 kwa ajili ya magari ya matangazo ya nje, ambamo fundi alikaa amebanwa na alihitaji kusikia sauti ya mtangazaji ilivyo. Kasha limezibwa, lina ujazo wa takriban lita 5, ukubwa wa sanduku la viatu lililosimamishwa. Besi ya kina haina. Lakini mtu akivuta pumzi kabla ya beti, unaisikia pumzi. Ni spika ghali, na inataka amplifaya yenye nguvu kuliko umbo lake linavyodanganya, kwani hutoa desibeli 83 hivi tu kwa wati moja ukiwa umbali wa mita moja. Sikuambii ukaitafute, naitaja kwa sababu ukiielewa utaijua aina yake popote utakapoikuta, hata kwa jina jingine na bei nyingine.

Iweke kando ya Yamaha NS-10M, ile yenye wufa nyeupe, iliyotoka mwaka 1978 na kujaa studio za dunia. Nayo imezibwa, nayo besi yake fupi. Tofauti iko juu kidogo ya katikati: NS-10M inasukuma sehemu hiyo mbele, na ndiyo sababu mafundi wa studio waliipenda, kosa la sauti halijifichi. Kwenye sebule ya marumaru, fidla nne zikipanda pamoja, utainuka kupunguza sauti ndani ya dakika kumi. Kwa chumba cha mazulia na mito ingeweza kuvumilika. Kwa marumaru na kioo, tafuta twita (kile kispika kidogo cha trebo) laini, ya kitambaa, kabla ya ile ya alumini.

Kwa rekodi za kale kabisa, kama zile ambazo Siti binti Saad alirekodi Bombay kuanzia 1928, usilipie upana. Santuri za wakati ule hazikubeba besi ya kina wala trebo ya juu. Spika inayofika juu sana itakupa mchakacho wa sindano kwa uaminifu mkubwa, na hilo si jambo ulilolitaka. Taarab ya kisasa, yenye kinanda cha umeme na besi ya kinanda, ni habari nyingine. Ihesabu pamoja na dansi.

Dansi na rumba

Hapa ninapapenda zaidi, basi mniwie radhi nikikaa kidogo.

Rekodi za dansi zilizofanywa kwenye studio za Redio Tanzania Dar es Salaam, za NUTA Jazz, za Mlimani Park na wenzao, nyingi ni mono, yaani spika zote mbili hupata sauti ile ile moja, na zilirekodiwa bendi nzima ikipiga kwa pamoja. Solo, ridhimu na besi zinaongea, tarumbeta na saksafoni zinaingia, na chemko, ile sehemu ya wimbo ya kucheza, linapofika magitaa yote yanasokotana. Sikio linataka kuzifuata nyuzi hizo moja moja. Spika yenye besi ya kuvimba inaziba gitaa la ridhimu kwanza, kwa sababu ndilo lililo karibu na besi na ndilo lenye sauti ndogo. Watu wengi hawajui kwamba kwenye nyimbo wanazozipenda kuna ridhimu kabisa.

Kipimo changu dukani ni hicho. Naweka wimbo wa dansi ninaoujua, nasubiri chemko, najaribu kuimba gitaa la ridhimu kwa mdomo. Nikiweza, spika imefaulu. Kipimo cha pili: rekodi ya mono lazima imweke mwimbaji katikati kabisa ya spika mbili, kama amesimama pale. Akiwa ametanuka kama pazia, ama spika hazilingani, ama zimekaa vibaya.

Kwa kipimo hicho cha pili KEF LS50 ya mwaka 2012 ni mfano mzuri, maana twita yake imewekwa ndani ya wufa, sauti yote inatoka sehemu moja na mwimbaji anasimama wima. Ina tundu nyuma, kwa hiyo inataka nafasi, na haipendi amplifaya dhaifu. ELAC Debut B6.2 ya 2018 ni ya bei ya chini zaidi, wufa ya inchi 6.5, tundu mbele, twita ya kitambaa, desibeli 87 kwa kipimo cha kiwandani. Mwimbaji hasimami kwa uhakika ule ule, lakini besi ya gitaa inafika chini zaidi na chemko lina mwili. Kwa sebule ya mita 4 kwa 5 yenye kochi na zulia, mimi ningechukua ELAC na chenji ningeiweka kwenye stendi nzuri. Kwa sebule yangu ya mita 3 kwa 4 ningechukua LS50 na soksi.

Spika za kusimama, zile ndefu, zinaanza kuwa na maana chumba kikizidi mita za mraba 20 hivi. Chini ya hapo unalipia besi ambayo chumba kitakurudishia imeharibika.

Singeli, bongo fleva na rege

Singeli ina kasi inayozidi mapigo 200 kwa dakika. Kwa mapigo 240, kila sekunde ina mapigo manne, robo sekunde kati ya moja na jingine. Chumba cha zege kinaweza kuendelea kuvuma kwa nusu sekunde au zaidi kwenye noti yake. Maana yake pigo la kwanza halijafa, la pili na la tatu yameshaingia, na unachosikia ni ngurumo moja ndefu. Watu wakisikia ngurumo hiyo huongeza besi wakidhani haitoshi.

Hapa nguvu inahitajika kweli, sibishi, muziki huu bila besi umekatwa miguu. Lakini chagua sabufa iliyozibwa kuliko yenye tundu, ya inchi 8 au 10, na uitafutie mahali pake: iweke pale unapokaa, weka wimbo, kisha tambaa pembezoni mwa chumba ukisikiliza. Pale besi inaposikika safi na sawa, hapo ndipo sabufa ikae. Rege na dub ni polepole zaidi, zinasamehe tundu.

Na zile seti za sabufa zilizoandikwa PMPO, namba ya kujisifu ya tangazo, wati 3000? Geuza nyuma usome kibandiko cha umeme. Kikisema inavuta wati 60, haiwezi kutoa hata 60 za muziki, achilia mbali elfu tatu. Seti hizo nyingi zina sabufa kubwa na spika nne au tano ndogo za inchi 3, na kati ya zilipoishia hizo ndogo na ilipoanzia sabufa kuna shimo. Katika shimo hilo ndimo inamokaa sauti ya mwimbaji wa kiume. Kwa filamu sawa. Kwa hela ile ile, spika mbili za meza za mtumba zilizo nzima na amplifaya ndogo zitakupa muziki zaidi.

Uani na barazani

Nje hakuna kuta za kusaidia. Umbali ukiongezeka mara mbili, sauti hupungua desibeli 6. Huko spika zenye pembe hutawala. Klipsch Heresy, inayotengenezwa tangu 1957, hupita desibeli 95 kwa wati moja. Linganisha na ile ya BBC: tofauti ikiwa desibeli 12 tu, wati moja kwenye pembe inafanya kazi ya wati 16 hivi kule. Kwaya, tarumbeta na ngoma zinatoka na uhai ambao spika ndogo haina. Ndani ya chumba kidogo cha marumaru, pembe hizo hizo zitakufukuza.

Ukinunua mtumba

Spika nyingi nzuri zinazotufikia ni mtumba, na pwani yetu ina adui wake. Angalia ule mzingo unaoshikilia wufa. Kama ni wa mpira, bonyeza taratibu, unapaswa kuwa laini bila nyufa. Kama ni wa sponji, joto na unyevu huula. Niliwahi kununua jozi ndefu, nzuri kwa macho, kwenye duka moja la Kariakoo; zilipimwa kwa sauti ndogo zikaitika. Usiku ule nilipoongeza sauti, wufa ya kushoto ikaanza kukwaruza, na nilipoigusa sponji ikabaki kidoleni kama unga wa kahawa. Fundi anaweza kubadilisha mzingo, lakini hakikisha anapata ule wa vipimo vyako, si wa kulazimisha. Tazama pia vituo vya waya kwa nyuma kama vimeshika kutu ya chumvi.

Amplifaya za mtumba kutoka Japani zilizotengenezwa kwa soko la kule hutumia volti 100. Ukiichomeka moja kwa moja kwenye 230 unaiunguza siku hiyo hiyo. Spika zisizo na umeme wake hazina shida hiyo.

Zilipoishia zangu

Sebule yangu sasa ina jozi iliyozibwa, ya meza, twita ya kitambaa, sentimita 20 kutoka ukutani, twita ikilingana na sikio langu nikiwa nimekaa. Kochi limesogea mbele nusu mita na zulia limelala kati yetu. Noti ya hezi 43 haivimbi tena, kwa sababu spika hizi zinaifikia kwa unyonge. Mke wangu alilalamikia kochi kwa siku mbili, kisha akaomba kwaya anayoipenda, akasikiliza hadi mwisho.

Zile za zamani sijazifuata Unguja. Mjomba ameshazichongea meza mbili za mninga.